Gerty Cori: Mwanamke Aliyefuata Safari ya Sukari Mwilini



Kumbuka mara ya mwisho ulipokimbia mbio za mita 400 katika uwanja wa shule. Mita 100 za kwanza zilikuwa nyepesi. Ulipoingia mita 100 za mwisho, mapaja yaliwaka moto, na miguu ikawa mizito kana kwamba imefungiwa mawe. Hata baada ya kuvuka mstari wa mwisho, uliendelea kuhema kwa dakika kadhaa. Kisha pumzi ilitulia, uzito ukaondoka, nawe ukaenda zako.

Ukiulizwa katika mtihani ni nini kilichotokea katika misuli yako, huenda utajibu kwamba oksijeni haikutosha, basi misuli ikatengeneza asidi ya laktiki. Jibu hilo ni sahihi, lakini limekatikia njiani. Asidi hiyo ilikwenda wapi? Mbona hukubaki nayo hadi leo? Na kwa nini uliendelea kuhema ilhali mbio zilikuwa zimekwisha?

Miongoni mwa watu waliotupatia majibu ya maswali hayo ni mwanamke mmoja aliyeitwa Gerty Cori. Usome wasifu wake kwa nia mbili. Kwanza, utazame jinsi wasifu unavyopangwa: kuzaliwa, elimu, kazi, vikwazo, mafanikio na kifo. Pili, uelewe jinsi mwili unavyotumia glukosi na laktati wakati wa mazoezi, kwa kuwa swali hili humvizia mtahiniwa mara kwa mara, na wengi hupoteza alama kwa kuishia nusu ya jibu.

Kuzaliwa na Elimu ya Awali

Gerty Theresa Radnitz alizaliwa tarehe 15 Agosti 1896 mjini Prague. Wakati huo Prague ilikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria. Leo ni mji mkuu wa Jamhuri ya Cheki. Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi yenye uwezo, akiwa kifungua mimba kati ya mabinti watatu. Baba yake, Otto Radnitz, alikuwa mkemia na meneja wa kiwanda cha kusafisha sukari. Huenda utatabasamu ukifikiri kwamba mtoto aliyelelewa na msafisha sukari ndiye aliyekuja kuifuata sukari hadi ndani ya damu na ini.

Hadi umri wa miaka kumi Gerty alifundishwa nyumbani. Baadaye alipelekwa katika shule ya wasichana. Shule za namna hiyo ziliwaandaa wasichana kuwa mabibi waungwana. Hazikuwaandaa kuingia chuo kikuu. Masomo ya hisabati, fizikia, kemia na Kilatini yalikuwa haba, nayo ndiyo yaliyotakiwa kwa yeyote aliyetamani kuwa daktari.

Gerty alipofika miaka 16 aliamua kwamba atasomea udaktari. Mjomba mmoja katika familia, aliyekuwa profesa wa magonjwa ya watoto, alimtia moyo. Hata hivyo, moyo peke yake haufaulu mtihani. Ilimlazimu kufidia masomo ya miaka mingi aliyoyakosa. Wewe unayelalamika kwamba silabasi ya miaka minne ni ndefu, hebu tafakari: katika muda wa takribani mwaka mmoja, msichana huyu alijifunza Kilatini, hisabati na sayansi ambazo wenzake wa kiume walikuwa wamezisoma tangu utotoni. Alifanya mtihani wa kuingia chuo kikuu akafaulu. Miaka mingi baadaye, akiwa mwanasayansi mashuhuri, alisimulia kwamba huo ndio mtihani mgumu zaidi aliowahi kuufanya maishani mwake.

Mwaka 1914 aliingia kitivo cha udaktari katika Chuo Kikuu cha Kijerumani cha Prague.

Ndoa na Miaka ya Dhiki

Chuoni Gerty alikutana na Carl Cori, kijana aliyezaliwa Prague mwaka huohuo wa 1896 lakini akakulia Trieste, mji wa bandari ambako baba yake aliongoza kituo cha utafiti wa viumbe wa baharini. Wote wawili walipenda maabara, na wote wawili walipenda kupanda milima. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwatenganisha kwa muda, kwa kuwa Carl alichukuliwa jeshini. Aliporejea walimaliza masomo yao pamoja mwaka 1920, na mwaka huohuo wakaoana.

Ulaya baada ya vita ilikuwa mahali pa njaa. Gerty alipata kazi katika hospitali ya watoto mjini Vienna. Chakula kilikuwa duni kiasi kwamba alipatwa na ugonjwa wa macho unaosababishwa na ukosefu wa vitamini A. Alipona aliporudi nyumbani Prague na kula chakula bora. Isitoshe, chuki dhidi ya watu wenye asili ya Kiyahudi ilikuwa ikiongezeka, na ingawa Gerty alikuwa amebatizwa Mkatoliki wakati wa ndoa, jambo hilo halingemwokoa. Mume na mke waliona kwamba ili wafanye utafiti kwa amani, ilibidi wahame.

Mwaka 1922 Carl alipata kazi katika taasisi ya utafiti wa saratani mjini Buffalo, jimbo la New York, Marekani. Gerty alimfuata baada ya miezi sita.

Swali Lililowashughulisha

Ili uelewe kazi yao, inafaa ujue yaliyokuwa yamejulikana tayari. Katika karne ya 19 mwanasayansi Mfaransa Claude Bernard aligundua kwamba ini huhifadhi sukari kwa umbo la glikojeni, na kwamba linaweza kuigeuza tena kuwa glukosi na kuimwaga katika damu. Baadaye Otto Meyerhof wa Ujerumani alichunguza misuli ya chura na kuonyesha jinsi glikojeni inavyogeuka kuwa asidi ya laktiki misuli inapofanya kazi. Kwa utafiti huo alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922, akigawana na Archibald Hill wa Uingereza. Aidha, mwaka 1921 insulini ilikuwa imegunduliwa mjini Toronto, Kanada, na kila mtaalamu alitaka kujua homoni hiyo inaifanyia nini sukari mwilini.

Basi palikuwa na ini upande mmoja na misuli upande wa pili. Yote mawili yana glikojeni. Mtu mzima aliyeshiba vizuri huwa na takribani gramu 100 za glikojeni katika ini na takribani gramu 400 katika misuli, ilhali glukosi iliyomo katika damu yake yote haizidi gramu 5 hivi. Swali lilikuwa hili: je, ghala hizi mbili zina uhusiano wowote? Sukari iliyo katika misuli inaweza kurudi katika ini? Ikiwa inaweza, inapitia njia gani?

Gerty na Carl walianza kwa kupima. Waliwalisha panya kiasi maalumu cha sukari. Baada ya saa kadhaa walipima ni kiasi gani kilichofyonzwa na utumbo, ni kiasi gani kilichounguzwa ili kutoa nishati, na ni kiasi gani kilichohifadhiwa katika ini na katika misuli. Hesabu ilitakiwa ilingane kama ya mwenye duka anayefunga daftari lake jioni: kilichoingia lazima kiwe sawa na kilichotoka ukijumlisha kilichobaki. Gerty alisifika kwa usahihi wa vipimo. Hakukubali takwimu zilizokaribia tu kuwa sahihi.

Kisha wakatumia homoni ya adrenalini, ile inayomwagwa katika damu unaposhtuka au unapojiandaa kukimbia. Walipowadunga panya adrenalini, waliona mambo matatu. Glikojeni ya misuli ilipungua. Laktati katika damu iliongezeka. Na baada ya muda, glikojeni ya ini ikaongezeka. Ukiyaweka mambo hayo matatu pamoja, njia inajitokeza: sukari ilitoka katika misuli ikiwa imevaa vazi la laktati, ikasafiri kwa damu, ikafika katika ini na kuvaa tena vazi lake la zamani.

Mwaka 1929 walieleza mzunguko huo kikamilifu. Leo unaitwa Mzunguko wa Cori.

Mzunguko wa Cori Hatua kwa Hatua

Ujifunze hatua hizi hadi uweze kuzichora bila kutazama kitabu.

Hatua ya 1. Unapokimbia kwa kasi, misuli huhitaji nishati haraka kuliko oksijeni inavyoweza kuitoa. Misuli huvunja glikojeni yake pamoja na glukosi inayoletwa na damu, na kuifanya kuwa pairuveti.

Hatua ya 2. Kwa kuwa uzalishaji wa nishati kwa oksijeni katika mitokondria hauwezi kwenda kasi hiyo, pairuveti nyingi hugeuzwa kuwa laktati. Njia hii huipatia misuli molekuli 2 za ATP kwa kila molekuli moja ya glukosi. Ni kidogo, lakini hupatikana mara moja.

Hatua ya 3. Laktati hutoka katika misuli na kuingia katika damu. Ukiwa umepumzika, damu yako huwa na takribani milimoli 1 ya laktati kwa lita. Mwishoni mwa mbio kali kiasi hicho kinaweza kupita milimoli 10.

Hatua ya 4. Damu hulifikishia ini laktati hiyo. Ini huigeuza kuwa pairuveti, kisha huijenga upya kuwa glukosi. Ujenzi huu hulihitaji ini litumie nishati sawa na molekuli 6 za ATP kwa kila molekuli ya glukosi.

Hatua ya 5. Glukosi hurudi katika damu. Misuli huweza kuichukua na kuitumia tena, au kuihifadhi kuwa glikojeni.

Bila shaka umeona kwamba hesabu hii ina hasara. Misuli imepata 2, ini limelipa 6. Kwa nini mwili ukubali biashara ya namna hiyo? Kwa sababu misuli ilihitaji nishati papo hapo, wakati ambapo haikuwa na njia nyingine ya kutosha. Ini halikuwa mbioni. Lina oksijeni, lina muda, na linaweza kulipa polepole. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini uliendelea kuhema baada ya mbio. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Sehemu ya oksijeni uliyoivuta kwa nguvu baada ya mbio ilitumika kuunguza laktati na kulipatia ini nishati ya kuijenga upya glukosi. Ndiyo maana mwalimu wako huita hali hiyo deni la oksijeni.

Jambo jingine: si laktati yote inayokwenda katika ini. Sehemu kubwa huunguzwa kama kuni na moyo pamoja na nyuzi za misuli zenye mitokondria nyingi. Ndiyo sababu mwanariadha hushauriwa atembee au akimbie polepole baada ya mbio badala ya kujitupa chini. Misuli inayoendelea kufanya kazi nyepesi huimaliza laktati upesi zaidi.

Angalizo kwa Mtahiniwa

Yafuatayo ni makosa ambayo huwagharimu watahiniwa alama. Yasome ukiwa na kalamu mkononi.

Kosa la kwanza ni kuandika kwamba asidi ya laktiki ni taka kama vile urea. Si taka. Urea hutolewa nje kwa mkojo, lakini laktati bado ina nishati nyingi ndani yake, na mwili huihifadhi kwa kuiunguza au kuirudisha kuwa glukosi.

Kosa la pili ni kudai kwamba maumivu ya misuli ya siku ya pili au ya tatu husababishwa na laktati iliyobaki. Laktati hurudi katika kiwango chake cha kawaida muda mfupi baada ya mazoezi, kwa kawaida ndani ya saa moja au mbili. Maumivu ya kesho yake hutokana na uharibifu mdogo katika nyuzi za misuli ambazo hazikuzoea kazi hiyo.

Kosa la tatu ni kusema kwamba misuli huvunja glikojeni yake na kuipeleka glukosi katika damu. Misuli haiwezi. Haina kimeng'enya cha kuiondoa fosfeti iliyoshikamana na glukosi, na glukosi yenye fosfeti haivuki kuta za seli. Ini lina kimeng'enya hicho. Kwa hiyo glikojeni ya misuli inaweza kuisaidia sehemu nyingine ya mwili kwa kupitia laktati.

Kosa la nne ni la tahajia. Glukosi ni sukari yenyewe, glikojeni ni sukari iliyohifadhiwa, na glukagoni ni homoni ya kongosho. Ukikosea herufi chache umebadilisha maana yote.

Usibabaike ukikutana na maneno asidi ya laktiki na laktati. Ndani ya mwili asidi hiyo huwepo hasa katika hali ya laktati, basi vitabu vingi huyatumia majina yote mawili kwa jambo lilelile.

Milango Iliyofungwa

Turudi katika maisha ya Gerty. Huko Buffalo, mkuu wake wa kazi alimtishia kwamba angemfuta kazi asipoacha kufanya utafiti na mumewe. Alitakiwa akae katika chumba chake na kutazama vipande vya nyama kwa hadubini. Gerty alitii kwa muda, kisha taratibu akarejea katika kazi aliyoipenda. Katika miaka yao ya Buffalo walichapisha takribani makala 50 pamoja.

Baada ya mzunguko wao kujulikana, vyuo vikuu vilianza kumtafuta Carl. Vilimtaka Carl peke yake. Chuo kimoja kilimwita Gerty pembeni na kumwambia kwamba mwanamume kufanya kazi na mkewe ni jambo lisilo la Kimarekani, na kwamba alikuwa akimharibia mumewe maendeleo. Alitoka hapo akilia. Carl aliikataa kazi hiyo.

Mwaka 1931 walihamia Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis. Carl alipewa uprofesa na kuongoza idara. Gerty, mwenye shahada ileile, uzoefu uleule na jina lake katika makala zilezile, aliajiriwa kama mtafiti msaidizi kwa mshahara uliokuwa sehemu ndogo tu ya ule wa mumewe. Alikaa katika ngazi hiyo ya chini kwa zaidi ya miaka kumi.

Hakuacha kupima. Mwaka 1936 yeye na Carl waligundua kiwanja kilichokuwa hakijulikani, glukosi yenye fosfeti katika kaboni yake ya kwanza, ambacho hutokea glikojeni inapovunjwa. Wataalamu wakakiita esta ya Cori. Mwaka huohuo mwana wao wa pekee, Tom, alizaliwa. Baadaye walikitenga kimeng'enya kinachoivunja glikojeni, yaani fosforilesi, na mwishoni mwa miaka ya 1930 waliweza kuitengeneza glikojeni ndani ya chombo cha kioo, nje ya kiumbe hai. Walikuwa wamethibitisha kwamba kazi ya uhai inaweza kufuatwa na kurudiwa maabarani, hatua moja baada ya nyingine.

Maabara yao ikawa kama kisima ambacho wengi walikuja kuteka maji. Wanasayansi sita waliowahi kufanya kazi humo walishinda Tuzo ya Nobel baadaye, wakiwemo Severo Ochoa, Arthur Kornberg, Luis Leloir na Earl Sutherland. Maabara hiyo ilisifika pia kwa kuwapokea wanawake na Wayahudi wakati ambapo sehemu nyingi ziliwafungia mlango.

Tuzo na Ugonjwa

Mwaka 1947 Gerty Cori alifanywa profesa kamili. Alikuwa na umri wa miaka 50, na ilikuwa imepita miaka 18 tangu Mzunguko wa Cori uelezwe.

Mwaka huohuo alipokea habari mbili. Ya kwanza ilitokea alipokuwa akipanda mlima katika jimbo la Colorado na mumewe. Alizimia njiani. Alipochunguzwa, aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa uboho wa mifupa, ambao huifanya mifupa ishindwe kutengeneza damu ya kutosha. Haukuwa na tiba. Habari ya pili ilikuwa kwamba yeye na Carl wameshinda nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba kwa kugundua jinsi glikojeni inavyogeuzwa kwa vimeng'enya. Nusu nyingine ilikwenda kwa Bernardo Houssay wa Ajentina. Gerty akawa mwanamke wa kwanza duniani kuipata tuzo hiyo ya tiba, na wa tatu kupata Nobel ya sayansi, akitanguliwa na Marie Curie na binti yake Irène Joliot-Curie.

Fikiri hali yake. Mwili uliokuwa umempandisha milima sasa ulipungukiwa na chembechembe nyekundu, zile zinazobeba oksijeni. Alizoea kuchunguza kinachotokea misuli inapokosa oksijeni ya kutosha. Sasa aliishi na upungufu huo kila siku, hata alipopanda ngazi chache. Aliongezewa damu mara kwa mara. Kitanda kidogo kiliwekwa katika ofisi yake ili apumzike, kisha aendelee na kazi.

Katika miaka hiyo kumi ya ugonjwa alifanya kazi ambayo wengine huihesabu kuwa bora kuliko zote. Aligeukia watoto waliozaliwa na kasoro ya kuhifadhi glikojeni. Baadhi yao walikuwa na ini kubwa lililojaa glikojeni, na bado sukari katika damu yao ilishuka kiasi cha kuhatarisha maisha. Ilikuwaje ghala lijae na mwenye ghala afe njaa? Mwaka 1952 yeye na Carl walionyesha kwamba ini la watoto wenye ugonjwa huo lilikosa kile kimeng'enya tulichokitaja katika kosa la tatu, kinachoiondoa fosfeti ili glukosi itoke. Ini lao lilikuwa limefungiwa mlango kama misuli. Laktati iliyolifikia haikuweza kurudi katika damu ikiwa glukosi, hivyo ilijaa katika damu.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa kwamba ugonjwa wa kurithi wa namna hii husababishwa na upungufu wa kimeng'enya kimoja. Leo watoto wengi wenye ugonjwa huo huishi kwa kulishwa wanga mara kwa mara, mchana na usiku, kwa sababu kiini cha tatizo lao kinajulikana. Ugonjwa mwingine wa glikojeni alioufafanua huitwa kwa jina lake hadi sasa.

Gerty Cori alifariki nyumbani kwake tarehe 26 Oktoba 1957, akiwa na umri wa miaka 61.

Kumbukumbu Yake

Jina lake limepewa shimo moja la Mwezini na jingine katika sayari ya Zuhura. Mwaka 2008 Marekani ilitoa stempu ya posta yenye picha yake pamoja na mchoro wa esta ya Cori. Stempu ilipokwisha kuchapishwa, wakemia waliona kwamba mchoro ulikuwa na kosa: fosfeti ilikuwa imeunganishwa vibaya. Mwanamke aliyekataa takwimu za karibu-karibu alikumbukwa kwa fomula isiyo sahihi. Utakapokuwa katika chumba cha mtihani, ukiwa umebakiwa na dakika tano, kumbuka stempu hiyo na uikague michoro yako tena.

Na siku utakapokimbia tena, mapaja yakawaka na pumzi ikakuishia, ujue kwamba ini lako linakaribia kuanza kazi yake. Sasa unaweza kueleza jibu lote, tangu misuli hadi ini na kurudi.

Maswali ya Marudio

1. Eleza vikwazo vitatu alivyokumbana navyo Gerty Cori, na namna alivyokabiliana na kila kimoja. (alama 6)
2. Kwa kutumia mchoro, onyesha safari ya laktati kutoka katika misuli hadi katika ini na kurudi kwa glukosi. (alama 5)
3. Kwa nini mwanariadha huendelea kuhema baada ya mbio kumalizika? (alama 3)
4. Toa sababu inayoifanya glikojeni ya misuli isiweze kuingia katika damu moja kwa moja ikiwa glukosi. (alama 2)
5. Mtoto ana ini lililojaa glikojeni, lakini sukari katika damu yake ni ndogo na laktati ni nyingi. Fafanua hali hiyo ukirejelea taarifa uliyosoma. (alama 4)
6. Kwa maneno yasiyozidi 80, fupisha sehemu inayoeleza majaribio ya panya. (alama 5)
7. Andika wasifu wa mtu yeyote unayemfahamu aliyefaulu licha ya kufungiwa milango. Fuata mpangilio wa wasifu huu. (alama 20)